Ngoma Iliyolima Ngulyati

Ukitaka kumuudhi Mama Kija wa mtaa wa Malambo, pale Bariadi mjini, usihangaike kumtafutia tusi. Mwambie tu, "Nimeshiba," na wewe hujala. Hapo umemchokoza, na utasikiliza mpaka uchoke.

Jina lake la ubatizo ni Apolonia. Mume wake, marehemu Masalu, alimwachia nyumba ya vyumba vingi, na mtoto wao mmoja, Kija, aliolewa zamani akaenda Dodoma. Nyumba isingekaa tupu, wala Apolonia hakuumbwa kukaa na ukimya. Akaijaza watoto wa watu, wanafunzi wa chuo cha afya, wengine wanasomea uuguzi na ukunga, wengine utabibu. Kodi unaweza kuchelewesha. Atakupigia kelele, atakuuliza kama anafuga wapangaji au njiwa, halafu atanyamaza. Lakini kujifungia chumbani ukajipikia peke yako, hilo hapana. Nyumba yake ina sufuria moja. Kila mtu analeta kile kinachopatikana kwao, kinapikwa pamoja, kinaliwa pamoja uani, na mwenye maringo akale hotelini.

Kwa hiyo Mayala, kijana wa utabibu kutoka Lagangabilili, alikuja na mahindi na michembe, yaani viazi vitamu vya kukausha, huku akijisifu kwamba bila yeye nyumba nzima ingekufa njaa. Violeth, aliyetoka mbali huko Bukoba, alileta kahawa na ndizi kila akirudi likizo. Na Gloria wa Lamadi alileta dagaa. Mama yake, Pelagia, anafanya biashara ya dagaa kule ziwani, na kila baada ya muda mfuko ulikuwa unashushwa stendi ukiwa umeandikwa jina la Gloria kwa kalamu nene. Siku dagaa wa Gloria wakiingia sufuriani, hata majirani walikumbuka kuja kusalimia.

Sasa, Jumapili moja ya Januari, wakati kila mtu ameinama kwenye sinia, Gloria alikaa pembeni na kitabu chake.

"Njoo ule," Apolonia akasema.

"Nimeshiba, mama. Nimekula chuoni."

Tonge la Mayala likaishia njiani. Violeth akaangalia chini. Wote walijua nini kinafuata.

"Chuoni!" Apolonia akasema. "Chuo gani hicho kinapika Jumapili? Nitajie nami nikajiandikishe. Gloria, mimi nimezeeka lakini sijawa mjinga. Tangu Alhamisi unashiba kwa kunusa?"

Msichana akataka kucheka, akashindwa, akainuka kwenda chumbani kwake. Apolonia akanawa mikono akamfuata. Mlangoni akasimama. Begi lilikuwa juu ya kitanda, limefungwa zipu, na sare nyeupe ya mazoezi ya hospitali imekunjwa juu yake vizuri kama ya mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Unakwenda wapi na begi?"

Ndipo Gloria akasema yote. Mvua zilikuwa hazikatiki kule ziwani. Dagaa wakianikwa mchangani wanalowa, wanaoza kabla ya kukauka, na mtaji wa mama yake ulikuwa umeozea pale pale na wenyewe. Mkopo wa wanafunzi aliomba, hakubahatika mwaka ule. Ada ya muhula ilikuwa haijaisha, na chuo kilishatangaza kwamba asiyemaliza ada haingii kwenye mtihani wa mwezi wa tatu. Na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Akikosa mtihani huo, wenzake wanasonga mbele, yeye anakaa mwaka mzima akisubiri, na nani alijua kama mwaka mwingine pesa ingepatikana?

"Na sufuria sijatia kitu tangu Krismasi," akamalizia kwa sauti ndogo. "Naona aibu kula."

Apolonia alikaa kitandani kando ya begi. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu hiyo aibu ya kula, lakini kumbukumbu nyingine ilimjia kwanza. Hakuna aliyejua pale nyumbani, hata Mayala aliyejidai kujua kila jambo, kwamba Apolonia naye aliwahi kuanza masomo ya uuguzi, msichana mwembamba wa Sapiwi, kwenye hospitali ya misheni. Mwaka ule malipo ya pamba ya baba yake yalichelewa, ada ikapungua kidogo tu, na asubuhi ya mtihani jina lake halikuitwa. Alisimama nje ya dirisha akawasikia wenzake wakifunua karatasi. Pamba ilipokuja kulipwa, mtihani ulishapita, na baada ya hapo pakaja ndoa, pakaja mtoto, na maisha yakaenda. Alifanya kazi ya uhudumu zahanati mpaka alipostaafu, akifua mashuka na kufagia wodi, na hakunung'unika. Ila kile kishindo kidogo cha karatasi zikifunuliwa hakikumtoka masikioni.

Akafungua zipu ya begi. Akatoa nguo moja moja akazirudisha kwenye kamba.

"Lete simu," akasema. "Mpigie mama yako."

Pelagia alipopokea, Apolonia hakumpa nafasi hata ya kumaliza salamu. "Mama Gloria, nisikilize. Mtoto ataingia kwenye mtihani. Usiniulize kwa njia gani, maana na mimi sijui. Nimesema ataingia, nimesema mimi Apolonia, basi." Kule Lamadi, Pelagia akaanza kulia na kushukuru kwa pamoja, simu ikakatika, na Apolonia akabaki ameishika akijiuliza ni kitu gani kimemtoka mdomoni.

Maana yeye mwenyewe hakuwa na kitu. Pesa yake yote ilikuwa kodi za vyumba, na kodi zilikuwa mikononi mwa wapangaji, na wapangaji ndio hao hao.

Siku ya pili yake alikwenda sokoni kununua chumvi, akamkuta Mzee Luhaga wa Ngulyati anawalalamikia watu wote waliokuwa tayari kusikiliza na wasiokuwa tayari. Mzee huyu ana mashamba makubwa ya pamba, ana ng'ombe, na ana sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Mvua zilizoozesha dagaa wa Lamadi zilikuwa zimeotesha magugu Ngulyati. Vibarua wote wamekimbilia machimboni. Pamba ilikuwa haionekani.

"Mwangaluka, baba," Apolonia akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," mzee akaitikia, yaani mama. "Mhola?"

"Mhola, salama, ila nina shida, na wewe una shida, na shida zetu zinaweza kuoana. Nina vijana nyumbani, wana nguvu, na wiki ijayo hawana vipindi, wameachiwa wajisomee. Wakikupalilia shamba lote, unatoa nini?"

Mzee Luhaga akamwangalia kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Wanafunzi? Wale wa kushika sindano?"

"Wana mikono. Unatoa nini?"

"Wakilimaliza lote," mzee akasema, "nina dume langu jekundu. Dume ni lao."

Wakashikana mikono mbele ya muuza chumvi. Apolonia alirudi nyumbani akiwa mwepesi, amesahau chumvi. Dume zima! Likipelekwa mnadani, ada ya Gloria imekwisha. Alipowaambia vijana, hakuna aliyebisha, ingawa kila mmoja alikuwa na deni lake pale chuoni. Gloria ndiye mwenye mtihani wa mwisho, basi dume ni la Gloria, wengine watajua mbele ya safari. Violeth peke yake aliuliza kama jembe linashikwa kwa mkono upi, wakamcheka mpaka naye akacheka.

Kosa lilifanyika asubuhi ya kuondoka, na lilifanywa na Apolonia mwenyewe, asimsingizie mtu. Kenta, lile lori dogo la kuwapeleka, ilishafika mlangoni, vijana wanapanda na majembe mabegani, wamevaa yale mashati yaliyochoka, na yeye akawatazama akaona hawapendezi.

"Vijana wangu hawaendi Ngulyati kama wafungwa," akasema. "Mayala! Ile ngoma."

Ngoma ya marehemu Masalu ilikuwa sebuleni miaka yote imebeba ndoo ya maji ya kunywa. Masalu enzi zake alikuwa mpigaji wa kikundi cha kulima, wale wanaoingia shambani kwa mstari, ngoma nyuma, majembe yanapanda na kushuka kwa mapigo, na nyimbo zinasukuma kazi. Mayala akaishusha ndoo, akaipangusa ngoma vumbi, akaijaribu kwa kiganja. Ikaitika. Apolonia akasikia kifua kinamtanuka, akaipakia kwenye kenta kwa mikono yake.

Wiki ile, nakwambia, Ngulyati haitaisahau. Siku ya kwanza walilima vibaya, Violeth akang'oa pamba akaacha gugu, na malengelenge yakawatoka mikononi. Waliyafunga wenyewe kwa bendeji, kwa ufundi mkubwa, huku wakisahihishana. Siku ya pili Mayala alipopata mapigo, mambo yakabadilika. Na kwa kuwa mtihani ulikuwa kichwani mwa kila mtu, Gloria, ambaye ndiye mwenye sauti, akaanza kuimbisha masomo.

"Mama mjamzito, miguu imevimba!" anaimba.

"Mpeleke!" wanaitikia, na majembe yote yanashuka.

"Kichwa kinamgonga!"

"Mpeleke!"

"Macho yanaona giza!"

"Mpeleke, mpeleke, usimpe majani!"

Wanawake waliokuwa mashamba ya jirani wakaudaka wimbo. Kufika Jumatano, kijiji chote kinaitikia "mpeleke" hata kwa mtu anayelalamika njaa. Mzee Luhaga alikuwa anakuja kila asubuhi na kiti chake, anakaa mwanzo wa shamba, anatingisha kichwa kwa raha. Macho yake hayakuwa kwenye magugu. Yalikuwa kwenye ngoma. Apolonia aliyaona macho hayo, akadhani ni ya mtu anayefurahia kazi nzuri.

Jumamosi tuta la mwisho lilipomalizika, vijana wakatupa majembe wakakumbatiana. Apolonia akaomba kamba.

"Kamba ya nini?" Mzee Luhaga akauliza.

"Ya kumwongozea dume, baba. Kenta inakuja."

"Dume!" Mzee akacheka, akamwonyesha nyuma ya zizi. "Dume mbona limeshalala chini? Wanalichuna. Mchele unachemka, soda zimeshushwa. Kaeni mpumzike, wanangu, leo mtakula mpaka mshike ukuta."

Apolonia akadhani anataniwa. Akazunguka zizi. Ngozi nyekundu ilikuwa imetandazwa kwenye nyasi na wanaume wamekunja mikono ya mashati.

"Mzee Luhaga!" Sauti yake ilipasua uwanja. "Tulipeana mkono! Ulisema dume ni la vijana!"

"Ni la vijana. Nani mwingine analila?"

"La kuuza! Ada ya mtoto!"

Mzee naye akashangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Mayu, mngeingia shambani kwangu na majembe matupu, ningejua ni vibarua, na dume lingetoka hapa na kamba shingoni. Ninyi mmeingia na ngoma. Ngoma ikilima, dume linachinjwa pale pale shambani na watu wote wanakula. Ningekupa ng'ombe hai baada ya ngoma, watu wangenionaje? Kwamba nimewanyima wageni chakula? Hilo unalijua. Wewe ni mke wa nani?"

Hapo ndipo Apolonia alipokaa chini, kwenye majani, na kanga yake safi. Kwa kuwa alilijua. Jamani, alilijua! Ndio ugomvi aliogombana na Masalu miaka yote ya ndoa yao. Masalu anaondoka Jumatatu na ngoma, analima wiki nzima kwenye mashamba ya watu, anarudi Jumamosi ameshiba, amefurahi, mikono mitupu, na yeye mlangoni akimuuliza kama shibe inanunua daftari la Kija. Alimgombeza mpaka mwaka aliomzika. Na leo yeye, kwa mikono yake miwili, ameipakia ngoma ile ile kwenye kenta, kwa ajili ya kupendeza.

Gloria akaja akachuchumaa mbele yake. Alikuwa na udongo mweusi mpaka magotini, na alikuwa anajitahidi kutabasamu.

"Mama, usilie. Tumejaribu. Nitarudia mwaka kesho."

"Nyamaza," Apolonia akasema huku machozi yanamshuka. "Hakuna kurudia. Usilitamke tena hilo neno mbele yangu."

Lakini hakuwa na la kufanya, na kulijua hilo ndiko kulikomuuma. Aliona lile dirisha la misheni waziwazi. Safari hii aliyesimama nje hakuwa yeye, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Harufu ya nyama ikatoka, na watu wakaanza kumiminika, maana dume haliliwi kwa siri. Walikuja wa karibu na wa mbali, na miongoni mwao akaja Mzee Bundala, mfupi, mkavu, na kofia yake ya Ijumaa ingawa ni Mkatoliki. Sasa hapa lazima uelewe jambo moja. Usukumani kuna vyama viwili vya ngoma tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu, na mavuno yakiisha vinashindana uwanja mmoja, kila upande unavuta watazamaji wake. Mzee Luhaga ni Mgika, yaani mtu wa Bagika. Mzee Bundala ni Mgalu, mtu wa Bagalu. Wamepakana mashamba, wameozeshana watoto, na hawajawahi kukubaliana jambo hata moja.

Bundala alichukua sahani yake, akatafuta pa kukaa, na macho yake yakaangukia ngoma. Akaiacha sahani. Akaisogelea, akapiga magoti, akaigeuza. Ubavuni palikuwa na kiraka cha ngozi, kimeshonwa kwa mshono mnene wa kukosea kosea.

"Kiraka hiki nimekishona mimi," akasema. "Hii ngoma ni ya Masalu, mwenzetu wa Bagalu."

"Ni yake," Apolonia akajibu pale chini alipokaa. "Mimi ni mjane wake."

"Shemeji!" Bundala akamsalimia kwa mikono yote miwili, uso umeng'aa, halafu ukakunjamana taratibu, kwa kuwa alikuwa amefikiria kitu. "Ngoma ya Bagalu imelima hapa? Shamba la Mgika? Wiki nzima? Na mimi nasikia mapigo kutoka kwangu nasema vijana wa siku hizi wanapiga vizuri?"

Luhaga, ambaye alishaijua ngoma ile tangu siku ya kwanza na ndio maana alikuwa anakenua asubuhi zote, akacheka kicheko cha mtu aliyesubiri muda mrefu. "Imelima vizuri sana, ndugu yangu! Na nimeilisha. Bagalu wakiwa na njaa waje tu, Bagika tuna chakula."

Uwanja mzima ukapiga kelele. Bundala akafura hasira mpaka kwenye kofia.

Apolonia akanyanyua kichwa. Alimtazama Bundala, akamtazama Luhaga, akaitazama ngoma. Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mayala, aliyekuwa karibu, anasema aliona kabisa akili ikimrudi usoni.

"Shemeji, usijali," Apolonia akasema kwa upole ambao wapangaji wake hawakuwahi kuusikia. "Mzee Luhaga ametutendea vizuri. Ametushibisha. Mimi nikirudi mjini nitawaambia watu wote, ngoma ya marehemu Masalu ilikwenda Ngulyati, Bagika wakaitunza, na Bagalu... Bagalu nao walikuja kula."

"Tulikuja kula!" Bundala akaruka.

"Sasa nitasema nini, shemeji, na sahani yako ile pale?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Bundala akaitazama sahani akatamani isingekuwepo.

"Ngoma yetu hairudi nyumbani mikono mitupu," akatangaza, kidole juu. "Watatucheka mpaka Magu! Ninalo dume langu jeusi, kubwa kuliko hili alilochinja huyu. Naituza ngoma! Na la kwangu haliguswi na kisu. Hili si malipo ya kulima, ni heshima ya ngoma, litatembea kwa miguu yake minne mpaka mlangoni kwa mjane, kila mtu alione njiani!"

Vigelegele vikapanda. Gloria akamshika Violeth mkono mpaka Violeth akalia kwa malengelenge.

"Wabeja, shemeji, wabeja gete," Apolonia akashukuru. Kisha akageuka, bado kwa upole ule ule. "Mzee Luhaga, na wewe usione wivu. Wewe umetoa la kuliwa. Inatosha. Watu wataelewa kwamba huna zaidi."

"Sina zaidi?" Luhaga akainuka kwenye kiti. "Nani hana zaidi? Leteni mbuzi! Wale wawili, hapana, watatu! Na wasichinjwe! Wafungwe kamba!"

Basi ikawa ngoma kweli. Mayala akapiga, vijana wakaingia uwanjani na majembe yao, wazee wa pande zote mbili wakawatuza kwa kuwabandika noti kwenye mapaji ya uso yenye jasho, kila Mgika akitoa Mgalu anaongeza, na Gloria akaimba "mpeleke" mpaka sauti ikamkauka. Apolonia alicheza. Alicheza kwa magoti yake mabovu, mbele ya ngoma aliyoichukia miaka yote, na katikati ya kucheza akasema kwa sauti, "Masalu, umeshinda, nisamehe," na hakujali nani amesikia.

Dume jeusi lilitembea kweli. Lilifika Malambo likifuatwa na watoto wa mitaa mitatu, na mnadani liligombewa. Ada ya Gloria ikaisha yote. Mbuzi na zile noti zikapunguza madeni ya wengine, Mayala akalipa hata kodi, jambo ambalo Apolonia alilisimulia kanisani. Mashamba mengine ya Ngulyati yakaanza kuwaita vijana likizo zote, nao wakajibu kwa adabu kwamba watakuja, ila kwa jembe tupu, pesa mkononi. Ngoma ilirudi sebuleni. Ndoo ya maji ikatafutiwa kigoda chake.

Asubuhi ya mtihani Gloria alivaa sare iliyopigwa pasi na watu watatu. Apolonia akamsindikiza mpaka chuoni, akamsindikiza mpaka kwenye jengo, akamsindikiza mpaka mlangoni. Msimamizi akawa anasoma majina. Apolonia alishika ukuta. Majina yakasomwa, yakasomwa, na kila lisilo la Gloria lilimpita mgongoni.

"Gloria Mayunga!"

"Nipo!" Gloria akajibu, akageuka mara moja kumtazama, akaingia. Mlango ukafungwa.

Apolonia hakuondoka. Alisogea chini ya dirisha akasimama. Ndani kukawa kimya, halafu kikasikika kile kishindo kidogo, karatasi nyingi zikifunuliwa kwa wakati mmoja. Akafumba macho. Safari hii moja ya karatasi zile ilikuwa ya nyumbani kwake.

"Mama, hapa hairuhusiwi kusimama," mlinzi akamwambia kwa heshima.

"Mwanangu, niache kidogo," akasema. "Kusimama nje ya mtihani nina uzoefu."

Mlinzi hakuelewa, lakini alimwona anacheka na kulia, akamletea kiti. Simu ikalia mkobani. Alikuwa Mzee Luhaga, anapiga kelele kana kwamba Ngulyati hakuna mtandao.

"Mayu! Mtoto wetu wa Bagika ameingia?"

Kabla hajajibu, simu nyingine ikaanza kubisha hodi, na jina lilikuwa la Bundala.

"Ameingia, baba," Apolonia akasema, akajifuta macho kwa kanga. "Ameingia."